Meza Moja, Kazi Zote

Watu wakisikia nimebadilika katika mambo ya usafi wa jikoni, hudhani zamani nilikuwa mchafu. La hasha. Aliyewahi kula kwangu hapa Minjila, hata kabla ya mafuriko ya 2023, atakwambia meza zilikuwa ziking'aa tangu alfajiri hadi tunapofunga. Sikuweza kupita penye tone la mchuzi nikaliacha. Tambara lilikaa begani kutwa, na nilikuwa nikijivunia tambara hilo. Ushuhuda ninaoutoa ni wake, na wa kaunta ya saruji niliyoitamani miaka mingi hadi nikaipata.

Nilizaliwa kijiji cha mtoni, chini ya Garsen, na jiko nililolelewa halikuwa na meza. Kila kazi ilikuwa na mahali pake. Samaki alipasuliwa nje, upande wa mto, juu ya jani la mgomba. Kambare ana utelezi unaoshinda mikono, basi mama alimsugua jivu mpaka ngozi ikakwaruza, akamtoa matumbo, akamkosha, kisha jani likatupwa na kila kilichokuwa juu yake. Mbuzi ya nazi ilikaa mlangoni penye mwanga. Kinu kilikuwa chini ya mwembe, na hakuna aliyethubutu kutwangia humo kitu kingine isipokuwa nafaka. Masufuria yakishasuguliwa kwa jivu na makumbi yalipanda kichanjani yakapigwa jua hadi jioni. Sisemi mama alijua habari za vijidudu. Mambo yalitengana kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuyakutanisha.

Mahali hapo nilikuja kupajenga mimi. Minjila na Garsen ndipo magari ya Malindi, ya Lamu na ya Hola yanapokutana, na palipo na abiria pana njaa. Nilianza na kibanda cha chai na mahamri, nikaongeza maharagwe ya nazi, kisha wali na samaki. Siku fundi alipomaliza kaunta, ndefu kutoka ukutani hadi dirisha la kupakulia, imepigwa niru ikateleza, nilijiona nimefika. Hakuna tena kuinama. Mgongo wangu ulishukuru, na sijaacha kumshukuru fundi yule.

Ila kaunta ilikusanya kazi zote za siku juu ya kipande kimoja cha saruji. Saa kumi na moja alfajiri inasukumiwa chapati. Saa mbili kambare wanaletwa kwenye ndoo, wanapasuliwa papo hapo. Saa nne vitunguu na nyanya za kachumbari. Saa sita sahani zinapangwa, wali unapakuliwa. Na baina ya kazi na kazi hakuna kilichopita isipokuwa tambara: chovya, kamua, pangusa. Unga ukitoka, samaki anaingia. Damu ya samaki ikitoka, nyanya zinaingia.

Mambo yangeendelea hivyo lau si mto. Tana unashuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, unapita kwenye mabwawa ya umeme, na sisi wa huku chini husikia redioni kwamba Masinga limejaa linafurika, walio kingoni wahame. Novemba 2023 El Niño haikungoja tangazo. Barabara ya Lamu ilikatika kule Gamba na Lango la Simba, mabasi yakakwama, na watu wa vijiji vilivyozama wakapanda kwenye miinuko na magodoro vichwani. Nilipika kuliko nilivyowahi kupika. Biashara yangu ilinenepa kwa msiba wa wengine, na sioni sababu ya kulificha. Lakini maji tuliyopikia na kuoshea yalikuwa yale yale ya mafuriko, rangi ya chai ya maziwa, yaliyokuwa yamekwisha kupita juu ya vyoo vya vijiji vizima.

Kipindupindu kilikuwa kikizunguka Kenya tangu Oktoba 2022, na mafuriko yakakifungulia njia ya kuja kwetu. Masika ya 2024 mto ukafurika tena, na Mei Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba wagonjwa 44 wa kipindupindu wameripotiwa katika kaunti ya Tana River. Kwa anayesoma akiwa Nairobi, 44 ni idadi ndogo. Kwa anayeuza chakula njia panda, inatosha kukunyima usingizi, maana kila anayekula kwako na kuharisha, hata kama ugonjwa kautoa kwingine, atataja ulipomlisha.

Bwana afya alikuja. Aliangalia vyeti vyetu, vile vya kupimwa kila miezi sita kwa sisi tunaoshika chakula cha umma, akaangalia choo, akaangalia pipa la kunawia mikono na sabuni yake. Mwisho akapitisha kidole juu ya kaunta, akakitazama, akaridhika. Nilifaulu. Nilimpa na chai.

Aliyenifumbua macho alikuja siku nyingine, bila karatasi yoyote. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wakapewa mabegi ya vifaa, na mmoja wao ni kijana wa jirani yangu niliyemjua tangu anatambaa. Alinikuta adhuhuri imepoa, ndoo ya kambare wa jioni imeshafika.

"Mama, una manjano ya unga?"

"Ya nini, mwanangu? Wataka kupika?"

"Nataka kumpaka huyu samaki. Halafu wewe fanya kazi zako kama kila siku. Mimi usinijali."

Nikaona ni utani wa watoto wa siku hizi, nikakubali. Alimpaka kambare mmoja manjano kichwa hadi mkia, akakaa kwenye kigoda. Nikampasua. Nikaweka kisu, nikafungua bomba la pipa nikasuuza mikono. Simu ikalia, nikaipokea. Nikapangusa kaunta, nikatia vitunguu, nikakata kachumbari, nikaonja chumvi, nikaongeza. Mteja akaomba chai, nikammiminia. Nikapangusa tena. Msaidizi wangu alikuwa akinitazama kwa pembeni akibana kicheko.

"Basi, mama. Sasa tuangalie."

Mpini wa kisu ulikuwa manjano, hilo nililitarajia. Bomba la pipa pia: nililifungua kwa mkono mchafu, nikalifunga kwa mkono safi, na usafi ukaishia hapo. Mkebe wa chumvi. Mfuniko wa chupa ya chai. Simu, upande wa shavuni. Leso yangu kiunoni, alama za vidole vinne. Vitunguu vyeupe vya kachumbari vilikuwa na michirizi utadhani nimevitia bizari kusudi. Na kaunta, ambako damu ya samaki iligusa mahali pa upana wa sinia, ilikuwa imetandazwa rangi kutoka ukutani hadi dirishani. Tambara ndilo lililoitandaza. Nilipolikamua kwenye beseni, maji yote yaligeuka. Kicheko cha msaidizi kilikatika alipoona alama kwenye kikombe cha mwanangu mdogo, ambacho hakuna kati yetu aliyekumbuka kukishika.

Kijana hakunihubiria. Alisema tu kwamba vijidudu havina rangi.

Kilichonisumbua zaidi ni ile kachumbari. Samaki anaingia motoni, wali unachemka, maharagwe yanatokota saa nzima. Moto unasamehe mengi. Kachumbari haionani na moto. Inatoka kwenye kibao inaingia kinywani, na sisi watu wa pwani hatuli wali bila kachumbari. Halafu joto letu. Kijidudu kinachopata unyevu, chakula na joto kinaweza kugawanyika mara mbili kila dakika 20. Ukianza na kimoja, baada ya saa saba umepita milioni mbili. Garsen mchana kivuli chenyewe ni moto, na tambara bichi lililokunjwa begani lina kila kitu: unyevu, joto, mabaki ya samaki. Nilikuwa nikilea vijidudu juu ya bega langu mwenyewe na kuvitembeza meza hadi meza.

Tulichobadilisha kwanza hakikuhitaji pesa. Tulipanga upya saa na mahali. Kachumbari sasa hukatwa mapema, kaunta ikiwa haijaguswa na kitu kibichi cha damu, inafunikwa, inawekwa upande wa ndani. Samaki na nyama vimetolewa nje kabisa. Nyuma ya jiko pana mwarobaini. Chini yake tumeweka benchi na kibao, kisu na ndoo ambavyo havivuki mlango kuingia ndani. Anayepasua samaki ana kazi hiyo hadi aimalize, kisha ananawa kwa maji anayomiminiwa na mwenzake, si kwa kujifungulia bomba. Mama mkwe alipotutembelea akaona mpango ule, akauliza mbona tumerudi ushamba baada ya kujenga kaunta nzuri hivi. Nilimjibu kwa heshima kwamba ndiyo, mama, tumerudi. Jiko la mtoni lilijua kutenganisha, na kaunta ilitusahaulisha.

Tambara halikutoka bila vita. Nililizoea, mkono ulilitafuta begani hata lilipokuwa halipo. Nimechana leso kuukuu vipande vingi. Kipande kikishafuta mara moja kinaingia ndoo ya sabuni, hakirudi kazini siku hiyo. Jioni vyote vinachemshwa kwenye sufuria moja lisilopikiwa, asubuhi vinaanikwa. Na kaunta haipanguswi tena, inaoshwa. Kwanza tunakwangua mabaki, kisha tunasugua kwa maji na sabuni, tunasuuza, ndipo tunamwagia maji yenye Jik: kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji. Tunaacha dakika chache, ikauke yenyewe.

Mfuatano huo una sababu yake, nami nimeona watu wakiuruka wakidhani Jik ni uchawi. Klorini yake hushambulia uchafu wowote inaoukuta. Ukiimwaga juu ya mafuta na magamba inachoka huko huko, na vijidudu vilivyo chini ya mafuta havipati habari. Tope nalo huila klorini vivyo hivyo, na hapa ndipo sisi wa Tana tuna shida kuliko mtu wa mjini mwenye maji meupe ya bomba. Maji ya mto, hasa wakati wa mafuriko, lazima kwanza yatulizwe. Tunasugulia shabu ndani ya pipa, tunakoroga, tunaacha tope lishuke, tunachota ya juu. Ndipo dawa inapata nguvu. Halafu ichanganywe kila asubuhi upya, maana juani inafifia, na isichanganywe kamwe na dawa nyingine za kusafishia, kwani mvuke wake huumiza kifua. Jirani mmoja alikuwa akitia nusu kikombe kwa ndoo akidhani zaidi ni bora. Kaunta yake ilinuka hospitali na chapati zake pia.

Kukauka nako sikuwa nikikupa heshima. Kijidudu cha kipindupindu ni cha majini; pakavu hakidumu. Kibao kilichooshwa kikasimamishwa juani kwa saa mbili ni salama kuliko kibao kilichooshwa kikalazwa juu ya maji yake. Kichanja cha mama, kile tulichokiona cha kimaskini baada ya kununua kabati la vyombo, ndicho kilichokuwa sahihi. Nimejenga kingine. Vyombo havifutwi tena kwa kitambaa, vinakaushwa na jua, ambalo Garsen halitozwi ushuru.

Kuna na ndimu. Wengi wetu tunaamini ndimu inaua kila kitu: tunamkosha nayo kuku, tunasugulia kibao. Imani hiyo ina ukweli wake. Huko Guinea-Bissau, miaka ya 1990 walipopatwa na kipindupindu, watafiti waliona kwamba waliotia ndimu kwenye chakula chao walipata kinga fulani, na maabara ikaonyesha kwamba ukali wa ndimu unakiua kijidudu kile. Nimefurahi kulijua, na naendelea kukamulia kachumbari ndimu bila kubana. Lakini kaunta siisafishi kwa ndimu peke yake. Ndimu haitoi mafuta, na vijidudu ni vya aina nyingi. Si vyote vinavyoogopa ukali.

Jambo moja tulilobishana sana ni mbao. Tuliambiwa kwenye mafunzo tutupe vibao vyote vya mbao tununue vya plastiki, kwa kuwa mbao hunyonya. Nikanunua cha plastiki kwa ajili ya samaki. Baada ya muda kilijaa mikwaruzo ya kisu, na kila mkwaruzo ukashika weusi usiotoka hata kwa burashi. Binti yangu anayesomea lishe akanitafutia habari za Dean Cliver, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake walitia vijidudu juu ya mbao na juu ya plastiki, wakitaka kujua namna ya kuifanya mbao iwe salama kama plastiki. Wakakuta kinyume: vijidudu vilivyozama kwenye mbao havikupatikana tena baada ya muda mfupi, lakini kwenye plastiki yenye makovu ya kisu vilinusurika hata baada ya kuoshwa kwa mkono. Kwa hiyo kibao changu cha chapati, mbao ngumu niliyorithi, kimebaki. Cha samaki ni cha plastiki bado, kwa sababu bwana afya ataandika vibaya asipokiona, lakini nakibadilisha kikishazeeka, na ndiyo gharama ambayo hakuna aliyenitajia.

Gharama zipo, tusidanganyane. Maji huku yanakuja kwa mkokoteni wa punda, kwa madumu ya lita 20, na kaunta inayooshwa inakunywa kuliko kaunta inayopanguswa. Wakati wa kiangazi nahesabu kila dumu. Sabuni ya kipande nimeiacha kwa vyombo, nikahamia ya maji inayopimwa kwa chupa sokoni, ni nafuu. Msaidizi wa pili nilimwajiri kwa sababu ya benchi la nje tu. Na utingo wa basi la Lamu hana subira ya mtu anayesubiri dawa ikauke: "Mama, unaosha nini tena? Abiria wangu wanakula au wanaoga?" Nimejifunza kumpakulia kutoka upande wa pili wa kaunta huku huu ukikauka. Amezoea. Sasa akichelewa yeye ndiye anayeniuliza kama kachumbari ni ya asubuhi.

Mazungumzo haya yamefika mpaka kwa dada wa Kiorma anayeniletea maziwa. Zamani aliyaleta kwenye vibuyu vilivyofukizwa kwa kijinga cha moto, maziwa yakanukia moshi, na wateja wengine walinung'unika. Akahamia madumu ya plastiki. Maziwa yakawa yanachachuka kabla ya saa nne, naye hajui kwa nini. Tulikata dumu moja katikati, tukaona kwenye shingo, pale mkono usipofika, pana ukoko mzee. Amenunua mkebe wa bati wenye mdomo mpana, na kibuyu amekirudisha kwa maziwa ya nyumbani kwake.

Sasa hivi naongeza chumba. Fundi, si yule wa kwanza, ameniletea vigae vyeupe vya kupamba kaunta mpya; anasema hoteli zote za Malindi ndivyo zilivyo. Vigae sivichukii, ila kati ya kigae na kigae pana mfereji wa saruji laini unaokula mafuta na kuyahifadhi, nami sina burashi ya kusugua mifereji mia. Tumevutana wiki nzima. Tumekubaliana vigae viende ukutani, vipendeze. Kaunta itapigwa niru, pembe yake na ukuta iwe ya mviringo isiyo na ufa, na uso wote uiname kidogo kuelekea tundu la nje. Amepandisha bei kwa ajili ya huo mwinamo, anasema ni kazi ya ziada kupinda kitu ambacho yeye amefundishwa kukinyoosha. Nimekubali. Nimemwambia nusu ya mwisho ya pesa zake ataipata siku nitakapomwaga ndoo ya maji juu ya kaunta na yote yakatoka nje bila mtu kuyasukuma.